Mkebe wa peni 58 na Edward mmoja aliyegeuka tisa

Kijana alikuja baada ya Alasiri, sarafu moja ameifunga kwenye kitambaa cha kufutia miwani. Akaniamkia, akaubusu mkono, akakaa pembeni mwa daka, ule ukumbi wa mlangoni, bila kusema neno mpaka wapita njia wawili walipotokomea kwenye kona. Ndipo akasema: "Ami, hini ni ya mfalme alojiuzulu."

Nikaifungua. Senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu, ambayo wazee wetu waliiita peni. Mwaka 1936. Jina kuzunguka taji: EDWARDVS VIII REX ET IND:IMP:. Imetunzwa vizuri, herufi zasomeka bila kioo. Kijana alikuwa amesoma kwenye simu kwamba sarafu ya Edward wa Nane ilinunuliwa kwa pauni milioni moja za Kiingereza, na usiku ule hakulala.

Habari aliyoisoma ni ya kweli. Mwaka 2020 mtu mmoja alilipa pauni milioni moja kwa sarafu ya Edward. Lakini ile ni pauni ya dhahabu, yenye kichwa cha mfalme na mwaka 1937, iliyopigwa kwa majaribio na haikutoka kwenda kwa watu hata siku moja. Peni ya kijana ilipigwa kwa mamilioni, ikaletwa huku kununulia kashata. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupaka asali, kwa kuwa mtu aliyekwisha kugawa fedha kichwani hufaa aambiwe mapema.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu ya yaliyofuata. Makosa aliyoyafanya siku tatu zile, mengi niliyafanya mimi nilipoanza, na mengine sijayaacha.

Kwanza, kwa nini Edward yumo kwenye peni ilhali kwao Uingereza watu hawakupata kumtia mfukoni? George wa Tano alifariki tarehe 20 Januari 1936. Mwanawe Edward akatawala mpaka tarehe 11 Desemba mwaka huo huo, akaacha ufalme. Sarafu zenye sura yake zilikuwa bado zatayarishwa, zikaishia hapo. Lakini sarafu za tundu hazina sura: katikati ni tundu, utamweka wapi kichwa mfalme? Zina taji na jina tu, na kubadilisha jina ni kazi ya herufi chache. Kwa hiyo Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea zikapata sarafu za Edward kabla hajaondoka. Siku za mfalme zilikuwa chache. Sarafu hazikuwa chache. Kijana aliuchukua uchache wa kitu kimoja akaupachika kwenye kingine, na wauzaji wa mitandaoni wanaijua tamaa hiyo vizuri sana.

"Basi haina maana," akasema, akaikunja kwenye kitambaa.

"Nyingine ziko wapi?"

"Nyingine zipi?"

Peni haikai nyumbani peke yake. Ukiiona moja, jua kuna chupa, au mkebe, au mtoto wa meza usiofunguka. Kumbe kulikuwa na mkebe wa biskuti wa bibi yake, ambao babu yake, fundi wa mashua Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, alikuwa akitilia misumari na vikorokoro. Kijana alikuwa amechambua juu juu tu, akaitoa ile iliyong'aa, zilizobaki akaziandika kwenye daftari. Kesho yake akaja navyo vyote viwili.

Daftari lilisema hivi: George wa Tano 25, Edward 1, George wa Sita 16, "Mfalme Sextus" 11, Malkia Elizabeth 3, zisizo na mfalme 2. Jumla 58. Hesabu ya jumla ilikuwa sahihi. Mengineyo tuyaangalie.

Huyu Sextus alinichekesha, lakini si kosa la mtu mjinga. Sarafu imeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX, na mtu asiyejua Kilatini ataona jina la ukoo. Sextus ni "wa sita" tu, na V hapo ni U. Ni George yule yule wa VI. Kilichobadilika ni kwamba Uhindi ilipata uhuru mwaka 1947, na cheo cha IND:IMP:, yaani mfalme mkuu wa Uhindi, kikaondolewa kwenye jina lake. Kwa hiyo peni za George wa Sita zina makundi mawili makubwa: zile za kuanzia 1937 zenye Uhindi, na zile za kuanzia 1949 zisizo nayo. Kijana alikuwa amezitenga sawasawa kabisa kwa sababu ambayo si sawa. Nikamwachia furushi lake, nikafuta jina la Sextus.

Penye matatizo ni 25 za George wa Tano. Mstari mmoja wa daftari ulisomeka: "George V, 1942." Nikamuuliza George wa Tano alifariki lini. Akajibu bila kusita, 1936, maana Edward alikwisha kumsoma mpaka akamhifadhi. Akanyamaza. Akaichukua peni tena.

Tofauti ya V na VI ni kijiti kimoja. Peni iliyotembea madukani miaka ishirini, kijiti kile ndicho cha mwanzo kupotea kwa macho, hasa kikijazwa uchafu. Ndiyo maana hapana budi kugeuza upande wa pili. Jina na mwaka ni mashahidi wawili, na wakipingana, mmoja wao umemsikia vibaya. Tulipozipitia kwa njia hiyo tukakuta tatu zenye mwaka wa baada ya 1936, zikahamia kwa George wa Sita. Hazikuhitaji kioo wala mizani. Zilihitaji mtu azigeuze.

Zikabaki 22, na kati ya hizo kumi zilikuwa za 1936. Hapa kanuni ya mwaka ikatuacha njiani, kwa sababu mwaka huo peni zilitoka kwa majina mawili, George wa Tano na Edward. Kijana alikuwa ameona "...VS V..." kwenye giza la uchafu akaandika George. Lakini GEORGIVS huishia na VS, na EDWARDVS huishia na VS, na baada yake yote mawili huja V. Ukisoma katikati ya jina huwezi kuwatenganisha. Inakubidi uende kwenye herufi ya kwanza, au uangalie kama V ile inafuatwa na vijiti vitatu au na R ya REX.

Tulishindwa kuyaona hayo pale dakani. Nyumba zetu za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, na vichochoro vyake ni baridi na raha, lakini mwanga wake ni wa kulala usingizi, hauchambui kitu. Tukapanda juu sakafuni, yaani kwenye paa la nyumba, saa kumi na moja, jua limeinama upande wa bara. Mwanga wa kutoka pembeni hufanya kazi ambayo taa ya juu ya kichwa haiifanyi: kila kilichoinuka, hata kwa unene wa ukucha, hutupa kivuli. Ukiizungusha peni polepole kwenye mwanga huo, herufi iliyokufa hufufuka kwa sekunde moja, kisha hupotea. Usiku, tochi ya simu ikilazwa karibu na meza hufanya vivyo hivyo.

Nane kati ya zile kumi zilikuwa za Edward. Pamoja na ile ya kitambaa, tisa.

Kijana alicheka kicheko cha mtu aliyeporwa. Jana alikuwa na hazina moja, leo ana tisa na hazina hakuna. Mimi nilifurahi, kwani tisa za mwaka mmoja ndizo zinazofundisha. Moja huitazami, unaistaajabia tu.

Sasa alama za viwanda. Peni hizi hazikupigwa sehemu moja. Zisizo na herufi ni za kiwanda cha kifalme cha London. Zenye H ni za Heaton, Birmingham. Zenye KN ni za King's Norton, Birmingham hiyo hiyo. Vita vya pili vya dunia vilipochacha, kazi ikapelekwa pia Bombay, alama yake I, na Pretoria, alama yake SA. Herufi hizi ni ndogo mno, ndogo kuliko za jina la mfalme, na anayeanza huzipita kama apitavyo nukta.

Ile I ya Bombay ni mtihani. Ni kijiti tu. Kijana alikuwa na peni ya 1942 ambayo pembeni ya daftari aliandika "ina mkwaruzo". Haukuwa mkwaruzo, ilikuwa I. Na nyingine aliyoishangilia kuwa I, ulikuwa mkwaruzo. Namna ya kutofautisha ni hii: herufi imeinuka juu ya uso wa sarafu, ina kichwa na miguu, na pande zake zimesimama. Mkwaruzo umezama, na mara nyingi una ncha iliyochongoka upande chuma kilipoondokea. Gusa kwa ncha ya kijiti cha meno. Kikikwama kwa nje ni herufi, kikiingia ni jeraha. Si ukucha, ukucha ni mnene mno.

Tisa za Edward zikagawanyika: nne H, tatu KN, na mbili ambazo hatukuona herufi yoyote. Kijana akaandika upesi: "London 2."

Hapa ndipo nilipomshika mkono, na ndipo penye kiini cha kisa kizima. Moja ya zile mbili uso wake ulikuwa safi, kila kitu kipo, na mahali ambapo wenzake wana herufi yeye ana uwanja mtupu, laini. Hiyo naam, ni ya London. Ya pili ilikuwa na duara la kovu kuzunguka tundu, na uso umesagika kama nazi iliyokunwa mpaka kifuu. Babu wa Matondoni, peni zilipokwisha thamani, alizifanya washa, vile vipete vya kuwekwa chini ya vichwa vya misumari. Tundu tayari lipo, shaba haishiki kutu kama chuma, na ni rahisi kuliko washa ya dukani. Peni ile ilikaa mbaoni miaka kadhaa, ikapigwa nyundo, ikang'olewa kwa koleo. Herufi kutoonekana kwake si ushahidi wa kitu. Sarafu isiyoandikwa na sarafu iliyofutwa ni vitu viwili, na macho ya tamaa huviona kimoja, daima kwa upande unaolipa zaidi.

Mimi hugawa mambo ya sarafu mafungu mawili: aliyozaliwa nayo na yaliyomkuta. Jina, mwaka, alama ya kiwanda, unene wa bati (kile kipande cha shaba kinachopigwa kuwa sarafu), tundu lililokaa upande tangu kiwandani, hayo ni ya kuzaliwa. Mikwaruzo, kovu, rangi iliyokwanguliwa, tundu lililopanuliwa, hayo yamemkuta. Aina hutajwa kwa fungu la kwanza peke yake.

Kijana alikuwa na tatu alizozitenga kwa kichwa cha maneno "hitilafu ya kiwanda", zote za matundu ya ajabu. Mbili zilikuwa zimekerezwa kwa tupa ili zipite msumari mnene au kamba ya mshipi. Ndani ya tundu mistari ya tupa yaonekana, na ule ukingo ulioinuka kuzunguka tundu umeliwa. Ya tatu tundu lake kweli limehamia upande, ndani ni laini, na rangi ya shaba ndani ya tundu ni ile ile kongwe ya uso. Hiyo nikakubali ni ya kiwandani. Si ya kumtajirisha mtu, lakini ni yake kwa haki.

Nikaacha mizani mwisho kwa makusudi, kwa sababu anayeanza akipewa mizani huacha kutazama. Peni za George wa Sita zenye Uhindi zina aina ya bati nene na aina ya bati jembamba. Za mwanzo zina uzito wa karibu gramu 11, kisha wakati wa vita shaba ikabanwa na peni ikateremshwa hadi karibu gramu 9 na nusu. Upana ni ule ule, kwa hiyo ukiitazama usoni hujui. Simamisha mbili ukingoni, bega kwa bega, ndipo utaona.

Sonara jirani, mtu mwenye subira na mwenye mizani ya pete, alikubali tumsumbue. Kati ya 19 tulizokuwa nazo, 11 zilisimama juu kidogo au chini kidogo ya gramu 11. Saba zilisimama kwenye tisa na ushei. Moja ikasimama kwenye 10.2 ikatutazama.

Kijana akasema ni aina ya tatu.

Ilikuwa ya 1937, na ilikuwa moja ya zile mbili zilizokerezwa tupa. Tundu lilikuwa limepanuka na uso umelika. Ilizaliwa nene ikakondeshwa. Tuliisimamisha kando ya nene nyingine: unene wa ukingo ni mmoja. Mizani haisemi uongo, lakini inapima kilichobaki, haipimi kilichokuwepo. Sonara, ambaye hana haja na peni, alituuliza kama tumemaliza, akarudi kwenye bangili zake.

Nataja kwa haraka jambo la ndimu, kwa kuwa linauma. Zile mbili zisizo na mfalme ni za 1964, zilizoandikwa EAST AFRICA bila taji wala jina la mtu, kwa sababu Kenya ilikuwa imeshapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na sarafu zetu wenyewe hazikuanza mpaka 1966. Zilikuwa ndizo nzuri kuliko zote mkebeni. Kijana, kwa nia njema, alizisugua kwa ndimu na majivu kama tusuguavyo masinia ya shaba kuelekea Idi. Zikatoka nyekundu kama samaki aliyeparwa magamba. Rangi ya hudhurungi ya sarafu si uchafu, ni ngozi yake, na ikiondoka hairudi kwa maisha yetu. Maji matamu, brashi laini, kukausha kwa kitambaa cha pamba, basi. Na upepo huu wetu wa chumvi haufai sarafu iachwe wazi. Bahasha ya karatasi, kisha mkebe unaofunga.

Chini kabisa ya mkebe, chini ya misumari, kulikuwa na kitu cha hamsini na tisa ambacho hakikuwa peni. Kipande chembamba, maandishi ya Kiarabu upande mmoja, mizani upande wa pili, mwaka 1299 wa hijria. Ni pesa ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, na neno pesa lenyewe limetoka Uhindi. Kijana akataka kuipiga picha aweke mtandaoni, kwani kuna mtu wa ng'ambo ameshamwandikia. Nikamzuia. Hijria 1299 ni 1881 au 1882, na sheria yetu ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa ya kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kujitafutia kesi. Makumbusho yako pale pwani, mwendo wa dakika tano, na kuuliza hakulipiwi. Peni za 1936 hazimo humo, hizo auze atakavyo. Ajuapo tu anauza nini.

Alipomaliza, daftari jipya lilikuwa hivi: George wa Tano 14, mbili kati yake za 1936. Edward 9. George wa Sita mwenye Uhindi 19, nene 12 na nyembamba 7. George wa Sita asiye na Uhindi 11. Elizabeth 3, zote za 1956. Za 1964 mbili, na mbele yake ameandika mwenyewe "ndimu".

Tukabishana juu ya ile ya kovu. Siku ya tatu, kwenye mwanga wa jioni, kijana aliapa ameona kijiti kimoja cha kusimama mahali pa alama. Nikatazama nami nikakiona, au nikaona alichonieleza, sijui. Hata kikiwa kipo, kijiti kimoja kinaweza kuwa mguu wa H na kinaweza kuwa mgongo wa K. Akauliza aandike nini. Nikamwambia andika ulichokiona. Akaandika kwa penseli juu ya bahasha: "1936. Edward. Kiwanda hakijulikani. Kovu la msumari." Ilikuwa bahasha yenye maneno mengi kuliko zote.

Jioni alizipanga bahasha mbele ya bibi yake, akamweleza moja baada ya moja, London, Birmingham, Bombay, Pretoria. Bibi alisikiliza huku akichambua mchele. Alipofika kwenye ile ya kovu akamwambia aitoe. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye lile duara.

"Hini yauzwa kiasi gani?"

"Hini haina bei, bibi. Imeharibika."

Akaifunga kwenye pindo la leso yake, akaendelea na mchele. Daftarini sasa peni ni 57, na Edward ni wanane.